Tokeni ya Chumba cha Kahawa

Watu wa kwetu hawaangalii kitu kwa macho peke yake. Mbuzi wa kununua watamminya mgongoni, mkungu wa ndizi wataubonyeza, kitenge watakisugua kati ya vidole viwili hata kama hawana nia ya kukinunua. Mtoto mchanga akiletwa nyumbani anapita mikononi mwa ukoo mzima kabla mama yake hajapata pa kuketi. Mimi mwenyewe niko hivyo hivyo. Kwa hiyo nilipoamua, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, kwamba nitakuwa na kitu kimoja ambacho hakuna atakayekigusa, nilikuwa nimejitakia ugomvi na Kibosho nzima.

Kitu chenyewe kilikuwa reli. Reli ndogo ya juu ya meza, ndani ya chumba tulichokuwa tukihifadhia kahawa.

Nilifanya kazi ya reli miaka ishirini na sita, sehemu kubwa nikiwa msaidizi wa stesheni masta pale Kahe, chini huko kwenye joto, ambako njia ya Tanga na njia ya Taveta zinakutana. Nyumbani nilikuwa nikipanda mara moja kila wiki mbili. Mke wangu alibaki na kihamba, yaani shamba letu la migomba na kahawa, ng'ombe wawili, watoto wanne na mama yangu mzazi. Halafu mambo yakabadilika. Treni za abiria zikapungua, kisha zikaacha kuja kabisa, na wengi wetu tukaambiwa kwamba nafasi zetu hazipo tena. Nilirudi mlimani na sanduku moja, koti la kazi na taa ya mkono yenye vioo viwili, chekundu na cha kijani.

Nilipofika nikakuta kila kitu kina mwenyewe. Mke wangu alijua mgomba upi unakatwa lini, ng'ombe yupi anapiga teke akikamuliwa upande wa kushoto, maji ya mfereji yanatufikia siku gani. Nikichukua jembe ananiambia kwa upole, "Hapo acha, baba, nimeshapanda magimbi." Nikienda upande mwingine, napo pana maharage yaliyofukiwa jana. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameendesha kihamba kile peke yake kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuendesha kitu chochote, na mimi nilikuwa kama abiria aliyeshuka stesheni isiyo yake.

Bei ya kahawa nayo ilikuwa imeshuka hadi majirani wakaanza kung'oa miti waliyorithi kwa babu zao. Chumba cha kahawa kikawa kitupu, kina harufu tu. Ndicho nilichokipata kuwa changu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango. Mjini Moshi kila uchochoro ulijaa mitumba, viatu vya Wazungu, makoti ya baridi ambayo hata kwetu mlimani yalikuwa mazito mno. Siku moja, kwenye rundo la vitu vya watoto vilivyokwisha kutumika, nikaokota kichwa cha treni cha bati, cha kijani, urefu wa kiganja, gurudumu moja limepinda. Muuzaji alidhani ni kigari kilichopoteza matairi. Tumbo lake lilikuwa tupu. Nilikipeleka nyumbani ndani ya mfuko wa koti nikakitia mota niliyoitoa kwenye redio kaseti iliyokufa, na kilipotetemeka mkononi mwangu kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa sauti.

Ilinichukua zaidi ya miaka miwili kumaliza. Reli nilizitengeneza kwa spoku za baiskeli, nikazifunga juu ya mataruma ya mianzi, moja moja. Mabehewa yalikuwa makopo ya bati niliyoyakata na kuyapaka rangi, milango na madirisha nimeyachora kwa unyoya wa kuku. Umeme ulitoka kwenye betri nane kubwa za redio na swichi ya ukutani. Njia ilianzia Kahe, ikazunguka mashamba ya miwa, ikapita kando ya mpunga wa Chekereni, ambao ulikuwa nyuzi za brashi ya kufulia, ikapanda hadi stesheni ya Moshi, kisha ikazunguka kurudi Kahe. Nyuma ya yote ulisimama mlima, gunia la kahawa nililolichovya kwenye udongo, kileleni chokaa. Watu niliwafinyanga kwa nta ya mabaki ya mishumaa, na kila mmoja nilijua anakwenda wapi.

Shida ya reli ya namna ile ni kwamba haina msamaha. Spoku ikisogea upana wa ukucha, treni inaanguka. Ukiirudisha unahitaji koleo, subira na nusu siku.

Wageni wa kwanza walikuja Jumapili baada ya Misa ya pili. Nilikuwa na hamu nao, siwezi kukataa. Nilisimama mlangoni na koti langu la kazi. Shemeji yangu mmoja akakiinua kichwa cha treni, akakipima uzito kama anayechagua jogoo, akakirudisha chali, magurudumu juu, katikati ya mpunga. Katekista mmoja mstaafu aliubonyeza mlima kuona kama umekauka. Ulikuwa haujakauka. Mama mmoja akataka kujua spoku ni za kweli au za kuchora, akazivuta. Nikasema jamani msiguse, wakacheka wakaendelea. Wiki iliyofuata niliandika kibao, USIGUSE, kwa herufi kubwa za stesheni. Wakakishika kibao ili wakisome vizuri.

Sina hulka nzuri wakati wa mambo kama hayo. Mtu aliyezoea kusikilizwa na treni nzima ya tani mia kadhaa hapendi kupuuzwa na shemeji yake. Nilianza kununa, kisha kufoka, na Jumapili moja nilimfokea nisiyepaswa kumfokea.

Mke wangu alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori. Ndizi mbichi zina utomvu, na mikono ya anayezimenya inakuwa myeusi, haitoki kwa maji peke yake. Akaingia kuwauliza wageni kama watakunywa mbege kwanza au watakula kwanza. Akaona mwanamke mmoja wa nta ameanguka kando ya mpunga, akanyoosha kidole amsimamishe. Alimsimamisha, na doa jeusi likabaki kwenye gauni jeupe la yule mwanamke. Mimi nikasema kwa sauti ya kazini, ile ya kumtoa mtu relini, "Mama, mikono hiyo hapana. Toka." Wageni wote wakatazama chini. Yeye akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Haya, baba," akatoka. Mtori ukaja kwa wakati wake na watu wakala.

Tangu siku ile hakuingia tena chumbani nikiwa ndani. Nikimwita aje aone daraja jipya anasema ana kazi, na kweli kazi alikuwa nazo. Chakula changu alikuwa akikiacha kwenye kiti nje ya mlango. Baada ya muda nikajiambia kwamba reli haimhusu, kwamba kuna wanawake wa namna hiyo, wasiojali kitu kisicholiwa. Iliniuma. Sikuwahi kumwambia kwamba inaniuma, na sikuwahi kumwomba radhi, kwa sababu nilijua kama ningeanza na moja ningelazimika kumaliza na lingine.

Basi nikaamua kulitatua suala la wageni kwa njia ninayoijua. Kwenye njia moja ya reli, treni mbili zikikutana uso kwa uso hakuna wa kupona. Kwa hiyo dereva haondoki stesheni mpaka akabidhiwe tokeni mkononi, na tokeni inayotolewa kwa kipande kile cha njia ni moja tu. Akiwa nayo yeye, mwingine hana, na asiye nayo hasogei hata kama amembeba askofu. Nilikabidhi na kupokea tokeni kwa miaka ishirini na sita na hakuna mtu aliyekufa kwenye kipande changu.

Nikachonga yangu kwa kipande cha mti wa mringaringa. Ilikuwa ndefu kama mkono, nene kama paja la mtu mzima, na nzito kiasi kwamba huwezi kuibeba ila kwa mikono miwili. Hila yenyewe ilikuwa hapo. Anayetaka kuingia anapewa tokeni, anaikumbatia kifuani, na akiwa ameikumbatia hana mkono wa kugusia. Tena kwa kuwa tokeni ni moja, anaingia mmoja tu. Wengine wanasubiri kwenye benchi nje. Akitoka anamkabidhi anayefuata mbele yangu, nami natikisa kichwa kuruhusu. Nilijiona nina akili sana.

Na ilifanya kazi. Kwa miaka tisa hakuna spoku iliyosogea. Katekista alitoka siku ya kwanza kama anayetoka kuungama, akawauliza wenzake pale kwenye benchi malipizi yake ni Baba Yetu ngapi, wakacheka hadi mmoja akamwaga mbege. Ndani hapakuwa na kicheko. Mgeni alisimama na gogo kifuani, akaitazama treni ikizunguka mara mbili, akasema, "Hongera, meku," kama tunavyowaita wazee, akatoka. Niligundua baadaye, baadaye sana, kwamba mtu akiwa peke yake hasemi "ona pale." Hana wa kumwambia. Anatazama tu, na kutazama kukiisha anakwenda zake.

Wageni wakapungua. Hawakuacha kuja nyumbani, la. Waliacha kuja kwangu. Walikuwa wakipita moja kwa moja jikoni kwa mke wangu, na mimi nikiwa kwenye chumba changu nikiwasikia wakibishana kuhusu mahari ya mtu, au ng'ombe wa mtu, wakicheka kwa pamoja. Wakati mwingine nilizima treni ili nisikie vizuri. Ningeweza kutoka nikaketi nao. Nilikuwa nasubiri mmoja wao atoke aje aombe tokeni.

Krismasi moja watoto wetu walipanda kutoka Dar na Arusha kama watu wote wa mlimani, magari yamejaa barabara ya vumbi hadi juu. Mjukuu wangu wa miaka minne alisimama mlangoni akanyoosha mikono yote miwili, kwa adabu kabisa, apewe tokeni. Hakuweza kuiinua. Nikamwambia akikua ataweza. Akaanza kulia, na binti yangu akaja akambeba.

"Baba, huyu ni mtoto," alisema.

"Naona. Reli haijui mtoto."

"Basi tumeelewa, baba," akasema, akaondoka naye. Mwaka uliofuata walikuja na televisheni na mikanda ya video, na hakuna aliyeniuliza habari za treni. Niliiendesha mwenyewe siku nzima ya Krismasi, nikitoka tu wakati wa kukata nyama, maana hapo lazima mwenye mji awepo.

Jumanne na Ijumaa nilikuwa nashuka mjini. Sikuwa na shughuli ya maana. Nilikwenda kuketi na wenzangu wawili wa zamani kwenye kivuli cha ukuta wa stesheni, tukiitazama reli ambayo majani yameanza kuota katikati yake, tukikosoana kuhusu mambo yaliyotokea miaka mingi iliyopita. Ufunguo wa chumba nilimwachia mke wangu, kwa ajili ya dharura, moto au paa kuvuja. Niliporudi jioni nilikuwa naingia kwanza huko kabla ya kunawa. Kila kitu nilikikuta mahali pake. Mwanamke wa nta aliyeelekea Tanga alikuwa bado anaelekea Tanga. Nilikuwa naifurahia nidhamu ile.

Jambo moja tu lilinikera, nalo ni betri. Zilikuwa zinaisha upesi mno. Wakati ule soko lilikuwa limejaa betri za kila jina, na nusu yake bandia, kwa hiyo nilijua pa kupeleka lawama. Nilikuwa nanunua kwa mzee mmoja Mwislamu, mpole, mwenye duka dogo karibu na msikiti. Nilimgombeza mbele ya wateja wake zaidi ya mara moja.

"Labda unaiendesha sana, mzee mwenzangu," alikuwa akiniambia.

"Nusu saa kwa siku. Natumia saa, sikisii."

Alinibadilishia, akanitafutia nyingine kutoka kwenye katoni jipya. Nazo zikaisha.

Mke wangu aliugua mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimeshika. Ilianza na homa tuliyodhani ni malaria, na wiki ya tatu tulikuwa tunamrudisha nyumbani kumzika. Sina maneno mengi ya kuweka hapa. Siku za mwisho, hospitalini, aliniuliza kama ng'ombe wamekatiwa majani, nikamwambia ndiyo, naye akajua kwamba si mimi niliyekata.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Uwanja ulijaa kuliko nilivyotegemea, watu nisiowajua, akina mama wa jumuiya tatu, watoto wengi sana. Maturubai hayakutosha. Mdogo wangu akanijia, maji yanamtiririka usoni, akasema, "Kaka, tufungulie chumba cha kahawa, akina mama wakae na watoto." Nikasema hapana. Akasema sawa, akaenda kuwapanga chini ya ukingo wa bati. Walisimama pale mstari mrefu, migongo ukutani, watoto wamefunikwa kanga, mpaka padri alipomaliza. Siku ninayomzika mke wangu nilikuwa nawaza mikono ya watu kwenye spoku. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunilaumu kwa jambo lile, hata mdogo wangu.

Watoto wakakaa siku za matanga, kisha wakarudi makazini. Nyumba ikawa kimya. Hakukuwa tena na sauti za jikoni za kuzimia treni. Nilikuwa nikisikia mgomba ukidondosha maji, kuku, redio ya jirani mbali. Mwezi wa sita nilianza kuuacha mlango wa chumba wazi. Nikaitoa tokeni nikaiweka juu ya benchi, mahali ambapo mtu wa barabarani anaweza kuiona. Watu walipita wakanisalimia kutoka pale pale njiani, "Shikamoo, meku," nami nikaitikia marahaba, wakaendelea na safari zao. Nilijifunza kutambua hatua za karibu kila mtu wa mtaa ule. Hakuna zilizokata kona kuja kwangu.

Ulipofika mwezi wa saba, wa baridi na ukungu, niligundua kitu. Betri nilizotia wiki moja kabla mke wangu hajaugua zilikuwa bado zina nguvu. Nilikuwa naiendesha treni kila siku, tena zaidi ya zamani, kwa kuwa sikuwa na lingine la kufanya. Betri zile zile, za mzee yule yule wa karibu na msikiti. Nilikaa kwenye kiti nikazitazama. Haikuwa hesabu ngumu. Kuna mtu mwingine aliyekuwa akiendesha treni yangu miaka yote ile, na alikuwa ameacha.

Ningependa kusema kwamba nililia. Nilikasirika. Nikachukua fimbo yangu nikavuka mfereji hadi kwa jirani, mama mmoja aliyekuwa mdogo kwa mke wangu kwa miaka kama kumi, na ambaye alikuwa haishi kuja jikoni kwetu. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama, nataka kukuuliza jambo na usinifiche. Kuna mtu alikuwa anaingia chumbani kwangu?"

Akaweka mundu chini. "Nani kakuambia?"

"Betri."

Hakuelewa, nikamweleza. Akaanza kucheka, akaufunika mdomo kwa mkono, kisha macho yake yakajaa maji na mkono ukabaki pale pale.

"Tulikuwa tunaingia wote, baba," alisema. "Jumanne na Ijumaa. Wewe ukishapita kona ya kanisa tu, mama anatuita."

"Wote akina nani?"

"Sisi wa huku, na watoto wetu. Katekista. Shemeji yako naye, akiwa hana kazi. Tulikuwa tunajaa hadi wengine wanakaa dirishani."

"Na tokeni?"

"Lile gogo? Mlango wenu si unajifunga wenyewe. Alikuwa analiweka hapo chini, liuzuie."

Yeye sasa alikuwa ameanza na hakuweza kuacha. Aliniambia kwamba kila mtoto alikuwa na stesheni yake, anaegemeza kidevu mezani na kupiga filimbi kwa mdomo treni ikimfikia. Ilianguka mara nyingi. Walikuwa wanaiinua, spoku wanazirudisha kwa koleo langu, na mke wangu ndiye aliyekuwa fundi. Ikikaribia saa kumi anawafukuza wote, anabaki peke yake kupanga.

"Alikuwa anajua kila kitu kinakaa wapi," alisema. "Wale watu wadogo, mmoja mmoja. Anatuambia, huyu, mzee anamtaka atazame huku, huyu ni mwalimu, huyu amekosa treni ya jana. Anafuta alama za vidole kwa kanga. Hakuna siku alikosea."

Sikumwambia mtu yeyote kwamba yule alikuwa mwalimu. Wala kwamba yule mwingine alikosa treni ya jana. Lazima aliyaona mwenyewe, kwa kutazama jinsi nilivyowasimamisha.

"Kwa nini hakuniambia?"

Jirani akaokota mundu wake, akaufuta kwa majani. "Alisema siku moja utatuita mwenyewe, tena wote kwa pamoja. Tulikuwa tunamwambia, mama, huyu hatuiti. Anasema mngojeni."

Nikamwomba aje anionyeshe. Akasema mikono yake ina tope, nikamwambia aje nayo. Tulipofika kwenye benchi akainama kuchukua tokeni, kwa adabu, na alipoona nimemzuia hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliingia polepole kama mtu anayeingia nyumbani kwa wengine, ingawa kilikuwa chumba alichokijua vizuri. Akawasha swichi bila kuitafuta.

Treni ikatoka Kahe. Aliipunguza mwendo kwenye kona ya miwa, kwa kuizima na kuiwasha upesi, pale ambapo mimi huwa naiachia, na ikapita bila kutikisika. Ikapita mpunga. Ikapanda. Ilipofika stesheni ya Moshi akaizima, akakunja mikono, akasimama. Nikamuuliza kama imekwama.

"Hapana," alisema. "Hapa tulikuwa tunangoja."

"Mlikuwa mnangoja nini?"

"Mama alikuwa anasema baba bado anashuka. Ametoka Kahe, ana mizigo. Watoto wanampigia kelele, washa, washa, yeye anawaambia subirini, baba hajamaliza kushuka."

"Kila safari?"

"Kila safari. Mpaka watoto wanachoka, wanaanza michezo mingine. Yeye anabaki pale anatazama tu mlango wa behewa."

Behewa lilikuwa limesimama mbele yetu, sawasawa na jukwaa. Mlango wake niliuchora mwenyewe kwa unyoya, rangi ya kahawia, na kitasa. Miaka kumi na mbili nilikuwa nimerudi nyumbani kwake, kila siku ya Mungu nikiwa hatua thelathini kutoka jikoni.

Jirani akanyoosha mkono kwenye swichi. Nikamwomba asiwashe kwanza.